Watu Wafanyavyo Kazi Maili Mbili Chini ya Ardhi

Watu wengi wasikiapo habari za mgodi wa dhahabu hudhani kuwa ni shimo tu, mfano wa kisima kipana, ambamo watu huingia na sululu na kutoka na mali. Kama mgodi ungekuwa hivyo, kazi ingekoma katika mita 100 za kwanza. Mchimbaji anayeshuka zaidi hukutana na maadui wanne: umbali, joto, uzito wa mwamba, na maji. Kila mmoja wao huzidi nguvu kadiri mtu anavyokwenda chini, na hakuna hata mmoja anayeshindwa mara moja akakaa ameshindwa. Ni lazima azuiwe kila siku, mchana na usiku.

Habari hizi zinaeleza jinsi mambo hayo yalivyofanywa katika migodi ya Witwatersrand, nchini Afrika Kusini, ambayo ni mirefu kuliko yote iliyopata kuchimbwa duniani. Sehemu kubwa ya dhahabu yote iliyowahi kutolewa ardhini ilitoka katika nchi hiyo moja ya vilima vikavu.

JIWE LENYE DHAHABU

Dhahabu ya Witwatersrand ilijulikana mwaka 1886 katika shamba lililoitwa Langlaagte, na mwaka uo huo mji wa Johannesburg ukaanzishwa karibu yake. Dhahabu hii haikuwa ya kuokotwa mtoni. Ilifichwa, katika chembe ambazo aghalabu jicho haliwezi kuziona, ndani ya tabaka la changarawe za kale zilizogandamana zikawa mwamba mgumu sana. Mahali pengine tabaka hilo ni nene kama kimo cha mtu. Mahali pengine halizidi upana wa kiganja. Tani nzima ya jiwe lake hutoa gramu chache tu za dhahabu.

Tena tabaka halikulala sawasawa. Limeinama kama bati la paa: ukingo wake wa kaskazini hutokeza juu ya ardhi, na upande wa kusini huteremka, ukienda chini zaidi kwa kila hatua. Wachimbaji wa kwanza walifuata ukingo ule wa juu. Baada ya miaka michache tu walifika mahali ambapo jiwe lilikuwa na madini ya chuma na kiberiti, na zebaki waliyoitumia kukamata dhahabu haikufaa tena. Watu wengi walidhani kwamba mji wa Johannesburg umekwisha. Lakini mwaka 1890 ilianza kutumiwa huko njia mpya ya kuitoa dhahabu kwa dawa ya sainaidi, na kazi ikaendelea.

Ndipo makampuni yakaenda kusini, mbali na ule ukingo wa juu, yakachimba mashimo yaliyosimama wima ili kulikuta tabaka huko liliko chini. Mashimo ya kwanza yalikuwa ya mamia ya mita. Yaliyofuata yalikuwa ya maelfu. Mgodi wa East Rand Proprietary Mines, uliopo Boksburg, mashariki ya Johannesburg, ulifika zaidi ya mita 3,500, na kwa miaka kadhaa haukuwa na mwenziwe duniani kwa urefu. Ili kuelewa kipimo hicho, msomaji na afikiri juu ya mtu aliyesimama mjini Nairobi akaanza kushuka moja kwa moja ardhini. Baada ya mita 1,660 hivi atakuwa amelingana na maji ya bahari ya Mombasa. Kisha itambidi ashuke tena kiasi hicho hicho na zaidi ndipo afike.

KAMBA NA KENGELE

Hakuna ngazi ya kumfikisha mtu huko. Watu hushushwa katika kizimba cha chuma chenye orofa mbili au tatu, kikining'inia katika kamba ya waya wa pua. Kamba hiyo huzungushwa juu ya gurudumu kubwa lililo kileleni mwa mnara, na mashine huishusha na kuivuta.

Hapo ndipo adui wa kwanza, yaani umbali, anapojitokeza. Kamba yenye unene wa sentimita 5 ina uzito wa yapata kilo 10 kwa kila mita moja. Ikiteremshwa mita 2,000, kamba peke yake ina uzito wa tani 20, kabla hata mtu mmoja hajaingia kizimbani. Ikizidi kuwa ndefu hufika mahali ambapo nguvu yake nyingi hutumika kujibeba yenyewe. Kuifanya nene zaidi hakusaidii, kwa kuwa kamba nene ni nzito zaidi.

Kwa sababu hiyo migodi ya zamani ilichimbwa kwa hatua. Shimo la kwanza lilitoka juu ya nchi likakoma. Chini kabisa ya shimo hilo watu walichonga ndani ya mwamba ukumbi mkubwa kama kanisa, wakaweka humo mashine nyingine ya kuvutia kamba, na kutoka hapo wakachimba shimo la pili. Baadhi ya migodi ilikuwa na shimo la tatu. Mtu aliyefanya kazi chini kabisa aliteremka katika kizimba cha kwanza, akatembea au akapanda gari dogo la reli, akaingia kizimba cha pili, kisha cha tatu. Safari ya kufika kazini iliweza kuchukua zaidi ya saa nzima. Na jiwe alilolivunja lilipanda kwa njia hiyo hiyo, likihamishwa kutoka shimo moja hadi jingine.

Kila baada ya kiasi fulani cha mita, shimo lina kituo. Kutoka kituoni njia ndefu huchongwa kwenda kulikuta tabaka la dhahabu, na mkusanyiko wa njia za kimo kimoja huitwa kwa namba yake, kama orofa za nyumba zinavyohesabiwa, isipokuwa hapa huhesabiwa kutoka juu kwenda chini. Katika kituo kikubwa cha orofa za mwisho mtu angeona taa za umeme, kuta zilizopakwa chokaa, reli, vyumba vya pampu na mahali pa kuwatunzia walioumia. Lakini pale dhahabu inapochimbwa hasa hakuna nafasi. Kwa kuwa tabaka ni jembamba, mara nyingi uwazi wake ni kiasi cha mita moja tu, na watu hufanya kazi wakiwa wamepiga magoti au wamelala ubavu.

Anayeendesha mashine ya kamba hawaoni watu anaowachukua. Huongozwa na kengele. Mlio mmoja una maana yake, miwili ina maana nyingine, na hapana ruhusa kwa mtu asiyehusika kuigusa kengele hiyo. Sharti hilo na mengine ya shimoni yanaonekana magumu mpaka mtu akumbuke yaliyotokea Mei 1995 katika mgodi wa Vaal Reefs, karibu na mji wa Orkney. Gari la kuvutia mabehewa liliingia katika shimo, likaangukia kizimba kilichojaa watu wa zamu ya usiku. Watu 104 walikufa. Mwaka uliofuata Afrika Kusini ilitunga sheria mpya ya afya na usalama migodini, ambayo inampa mfanyakazi haki ya kuondoka mahali anapoona kuwa pana hatari.

JOTO

Mwamba wa Witwatersrand si wa moto kama wa nchi zenye volkano. Hata hivyo huzidi joto kadiri mtu anavyoshuka, na katika mita 3,500 hufikia karibu digrii 50 za sentigredi. Hewa nayo hujiongezea joto yenyewe. Anayejaza upepo katika gurudumu la baiskeli hujua kwamba pampu hupata moto mkononi, kwa kuwa hewa ikibanwa hupata joto. Ndivyo ilivyo shimoni: hewa inayoshuka hubanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na kila mita 100 huongeza karibu digrii moja. Basi hewa iliyoingia juu ikiwa baridi ya asubuhi hufika chini ikiwa ya moto kabla haijagusa mwamba.

Zaidi ya hayo, kuna maji mengi yanayomwagwa ili kuua vumbi. Hewa ya moto iliyojaa unyevu haiwezi kukausha jasho, na jasho lisilokauka halimpozi mtu. Mwaka 1924, katika mgodi wa City Deep, watu walikufa kwa joto lenyewe, bila kuangukiwa na jiwe wala kuguswa na baruti. Katika miaka ya 1930 daktari mmoja wa mgodi huo, Dreosti, alichunguza jinsi miili ya wafanyakazi wapya inavyostahimili joto, na ikaonekana kwamba mtu akizoezwa kidogo kidogo, siku baada ya siku, mwili wake hujifunza kutoa jasho mapema na kwa wingi. Tangu hapo wageni hawakupelekwa mara moja mahali penye joto kali.

Lakini mazoezi yana mwisho wake. Mwaka 1935 mgodi wa Robinson Deep ulijenga juu ya ardhi mtambo mkubwa wa kupoza hewa kabla ya kuipeleka shimoni. Mapangaboi makubwa huvuta hewa chafu kwa shimo moja ili hewa safi ishuke kwa shimo jingine, na milango iliyojengwa njiani huilazimisha ipite mahali watu walipo. Baadaye migodi ilianza kupeleka maji baridi kwa mabomba, na katika miaka ya 1980 East Rand Proprietary Mines ulikuwa miongoni mwa migodi iliyotangulia kupeleka barafu. Sababu yake ni ya hesabu tu. Kilo moja ya barafu, inapoyeyuka, hunywa joto jingi kuliko kilo moja ya maji baridi. Na maji yote yanayoshushwa lazima yapandishwe tena. Leo mgodi wa Mponeng, karibu na mji wa Carletonville, ambao umekaribia kilometa 4, huishi kwa barafu.

UZITO WA MWAMBA

Katika mita 3,500, kila mita moja ya mraba imebeba zaidi ya tani 9,000 za mwamba. Maadamu mwamba ni mzima, uzito huo umetulia. Mtu akitoa tabaka la dhahabu, uzito uliokuwa hapo haupotei. Huhamia kando, kwenye mwamba uliobaki. Siku moja mwamba huo hushindwa, nao haumeguki polepole bali hupasuka kwa kishindo kama baruti.

Mitetemeko iliyotokana na migodi ilisikika Johannesburg tangu miaka ya mwanzo. Mwaka 1908 iliundwa kamati ya kuchunguza mitetemeko ya mtaa wa Ophirton, na mwaka 1910 chombo cha kupimia matetemeko kiliwekwa mjini. Ndani ya mgodi watu walipanga magogo kwa kupandana, mfano wa kuni za kuuza, wakajaza mawe katikati, au wakarudisha mchanga uliokwisha kutolewa dhahabu ili kuziba uwazi. Miti ya nguzo ilihitajiwa kwa wingi hata misitu ya mikaratusi na miwati ikapandwa katika nchi iliyokuwa nyasi tupu. Baadhi ya vitongoji vya Johannesburg vyenye kivuli kizuri leo vilikuwa mashamba ya nguzo za migodi.

Nguzo haiwezi kuzuia tani 9,000. Kazi yake ni kuushika mwamba ulio karibu, ule uliokwisha kupasuka, usimwangukie mtu. Mchimbaji mzoefu hupiga dari kwa mtaimbo kila anapoingia baada ya baruti. Jiwe zima hulia kama kengele. Jiwe lililoachana hulia kama debe bovu.

WATU WALIOSHUKA

Kazi hii ilifanywa na watu waliotoka mbali. Chama cha kuandikisha wafanyakazi, ambacho watu wa kusini walikiita Wenela, kilikusanya vijana kutoka Msumbiji, Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi, na nchi nyinginezo. Kutoka Tanganyika pia walikwenda, hasa Wanyakyusa wa kaskazini ya Ziwa Nyasa, mpaka uandikishaji huo ulipokomeshwa baada ya Uhuru wa mwaka 1961. Waliishi kambini kwa mikataba, kama manamba wa mashamba ya mkonge. Kwa kuwa lugha zao zilikuwa nyingi, walifundishwa Fanakalo, lugha ya amri iliyochanganya Kizulu, Kiingereza na Kiholanzi cha makaburu. Kazi ya koleo na keekee ilikuwa yao; cheti cha kulipua baruti kilizuiliwa kwa Wazungu kwa sheria mpaka mwishoni mwa miaka ya 1980.

Wengi walirudi makwao na fedha za ng'ombe au za bati. Wengi walirudi pia na kitu wasichokijua. Vumbi la mwamba ule, likivutwa kwa miaka, hukaa katika mapafu na kuyafanya magumu. Ugonjwa huu, uitwao silikosisi, hauna dawa ya kuuondoa, na humfungulia njia kifua kikuu. Hujitokeza mara nyingi baada ya mtu kuacha kazi, akiwa kijijini kwake, ambako hakuna wa kuuhusisha na mgodi. Keekee zilianza kutiwa maji, na sheria za fidia ziliwekwa tangu mwaka 1911, lakini fidia ya Mwafrika ilikuwa ndogo kuliko ya Mzungu. Mwaka 2019 mahakama ya Johannesburg ilikubali mapatano ya randi bilioni 5 kati ya makampuni na wachimbaji wa zamani waliougua, na mfuko wa Tshiamiso ukaundwa kuwalipa wao au warithi wao. Wengine walikuwa wamekwisha kuzikwa.

MAJI

Maji ndiye adui asiyelala. Huingia katika kila ufa, hufuata kila njia, na hukusanyika katika orofa ya mwisho. Pampu iliyo chini huyasukuma mpaka kituo cha juu yake, pampu ya hapo huyasukuma tena, na hivyo hivyo mpaka nje. Zikisimama, orofa za chini hujaa kwanza.

Magharibi ya Johannesburg hatari ni kubwa zaidi, maana juu ya dhahabu kuna mwamba wa namna ya chokaa wenye mapango yaliyojaa maji. Kuyaacha maji hayo ni hatari, na kuyatoa pia ni hatari. Yalipotolewa katika mgodi wa West Driefontein, mapango yalibaki matupu, na Desemba 1962 ardhi ilididimia ghafula ikameza jengo la mashine za kuvunjia mawe. Watu 29 walikufa, nao walikuwa wakifanya kazi juu ya ardhi. Oktoba 1968, katika mgodi uo huo, maji yalipasua mwamba yakaingia kwa nguvu kuliko pampu zote. Maelfu ya watu walitolewa, wala hakufa hata mmoja. Kisha mafundi wakarudi, wakijenga kuta nene za saruji katika njia huku maji yakipita, na baada ya zaidi ya wiki tatu wakayafungia upande mmoja. Mgodi ukaokoka.

MGODI UKIFUNGWA

Ikiwa dhahabu imekwisha au gharama imezidi faida, kampuni huzima mashine. Lakini mgodi hauishi hapo. Maji hupanda polepole, orofa kwa orofa. Yanapokutana na hewa na yale madini ya chuma na kiberiti, hugeuka kuwa makali kama asidi, yenye rangi ya kutu. Mwaka 2002 maji ya namna hiyo yalianza kutokeza juu ya nchi upande wa Krugersdorp, yakaingia katika kijito kipitacho katika hifadhi ya wanyama. Mwaka 2008 pampu za East Rand Proprietary Mines zilisimama, na maji yakaanza kupanda chini ya Johannesburg yenyewe. Tangu mwaka 2014 mtambo uliojengwa Germiston huyavuta na kuyasafisha kabla hayajafika juu. Migodi ilichimbwa na makampuni. Mzigo wa maji umebaki kwa Serikali na kwa wananchi.

Na kuna wanaorudi shimoni. Katika mgodi uliofungwa wa Buffelsfontein, karibu na Stilfontein, mamia ya watu, wengi wao kutoka Msumbiji, walikuwa wakitafuta mabaki ya dhahabu bila ruhusa. Mwaka 2024 polisi waliuzingira mgodi na kuzuia chakula. Shimo lilikuwepo bado, lakini hapakuwa na kizimba, wala pangaboi, wala kituo cha kuwatunzia wagonjwa. Januari 2025 waokoaji walileta mashine na kizimba kidogo, wakateremsha kamba. Siku tatu walivuta. Walitoka watu 246 wakiwa hai, na maiti 78.

Hapo ndipo inapoonekana maana ya mambo yote yaliyoelezwa. Jiwe lenye dhahabu ni lile lile, na shimo ni lile lile. Kilichokosekana ni kamba, hewa na pampu, pamoja na watu wa kuviangalia. Anayefanya kazi chini kabisa huishi kwa kazi ya walio juu yake, na wao wakiacha, hata kwa siku chache, hana njia.